Masazo ya Shamba la Wote

Jumanne, 8 Julai 1969
Mkata. Chai ya rangi, chaki, darasa la saba. Kitabu cha Kiingereza kina kitenzi "glean". Sikijui. Nimekiruka. Jioni nimeazima kamusi ya Mwalimu Mkuu: kuokota masazo baada ya wavunaji kupita. Lo! Kazi ya mama mkwe wangu kila mavuno.

Jumatano, 9 Julai
Nimewauliza watoto: mnamwona mama mkwe wangu, Bibi Zaina, na kapu lake nyuma ya wavunaji? Ndiyo hiyo. Wameelewa mara moja. Neno hutumika pia kwa kuokota habari kidogo kidogo, huku na huku. Hilo nalo lina mabingwa wake pale kisimani. Najipenda leo.

Alhamisi, 10 Julai
Balaa. Mama mkwe kanyang'anywa kapu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Salehe, kasema hili ni shamba la ujamaa, kinachobaki ni cha kijiji, akirudia ni mwizi. Shamba la mtu, masazo ni ya mwenye shida, tumezaliwa tumekuta hivyo. Shamba la wote je? Hakuna aliyewahi kuuliza. Mama hajala. Mjane, umri ule, mwizi! Nina hasira.

Ijumaa, 11 Julai
Mkutano baada ya swala. Nimesimama, mkamwana wa kuja kutoka Kwamndolwa, Korogwe, mbele ya wazee wa Handeni. Nikawaamkia, nikaeleza lile neno. Kwamba Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na nyuma ya hapo hakuna mwenye uhakika, ni la kale mno.

"Kumbe na wao walikuwa na mabibi," akasema Mzee Salehe. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka. Kapu limerudi. Masazo ni ya wajane na wazee. Raha niliyonayo haina mfano.

Jumapili, 13 Julai
Mama karudi na kapu limejaa pomoni. Wavunaji wamemwachia mahindi mazima makusudi. Nikadhani atafurahi. Kayachambua, mazima yote kayapeleka ghala la kijiji. Kasema ile ni sadaka, na yeye mgongo wa kuinama bado anao.

Yaliyobaki katwanga mwenyewe. Nimekatazwa kugusa mchi. Umetoka ugali wa sufuria ndogo. Tumekula, tumeshiba.