Chai ya Mchaichai na Kile Nisichokuandikia

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, za wifi yako, na za mnanaa pia, maana siku hizi umetambaa hadi mlangoni na kila aingiaye lazima ausalimie kwanza. Sisi hatujambo. Hali yako ndiyo inayoninyima utulivu. Usinijibu kwa desturi tu: u hali gani hasa? Miguu imeacha kuvimba? Macho bado yanaona ukungu?

Barua hii naiandika nikiinuka-inuka. Mstari mmoja, natoka kumwagilia, narudi. Wifi yako anasema rehani itaoza, kwamba naimwagilia kama ninazima moto.

Bustani, nisikufiche, imekuwa ya ajabu. Ua wote wa nyuma umejaa makopo ya rangi, ndoo zilizotoboka na lile karai la zege lililopasuka. Humo mna tangawizi, mchaichai, kotimiri, mshubiri. Mlonge ndio usiseme. Wifi yako alianika shuka juu yake, akaingia jikoni kukaanga vitunguu, alipotoka shuka iko usawa wa paa, tukaazima ngazi. Mwizi naye aliingia kuiba ndoo akakanyaga mnanaa. Walimnusa mtaa wa pili, akajitetea eti anatoka kwa kinyozi. Shule niliiachia njiani, wajua, lakini mimea inanielewa kuliko walimu walivyonielewa.

Sasa nikupe habari ya jirani yangu, fundi wa kuchomelea mageti, tunayemwita Cheche. Ana presha ya muda mrefu. Jioni alikuwa akija kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nami namweleza jinsi mchaichai ulivyonishushia yangu. Siku moja akaniuliza kama kweli situmii dawa za hospitali. Nikamcheka. Nikamwambia mtu mwenye duka la dawa uani kwake atapangaje foleni dirishani kwa watu? Akacheka na yeye, akabeba fungu lake la majani akaenda. Sikujua kwamba alikwenda kuvitupia vidonge vyake kwenye droo ya misumari.

Wiki iliyopita mkewe alikuja mbio bila viatu. Cheche alikuwa amedondoka karakanani, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Tukambeba mpaka hospitali. Yu hai, lakini mkono wa kulia bado haumtii, na mkono huo ndio uliokuwa ukilisha nyumba. Muuguzi akauliza ni nani aliyemwambia aache dawa. Mkewe akanitazama, kisha akajibu kwamba ni maneno ya watu tu, ya mtaani. Nilitoka nje nikasimama ukutani kama mtu anayesubiri kuitwa, na hakuna aliyeniita.

Niliporudi nyumbani ndipo binti yako akapiga simu. Anasema umeziweka dawa zako za sukari kabatini, unangoja nauli uje kwa kaka yako unywe majani. Akikusihi, unamjibu kwamba mjomba wake ana presha na bado anadunda, tena bila kidonge.

Tangu hapo sikai. Nilikupigia ili nikueleze, lakini wewe ukaanza kunisifu, na ulimi wangu unavyopenda sifa ukadandia. Nikajikuta nakusimulia mlonge na ile shuka. Nikakata simu nikiwa sijasema neno la maana. Kalamu angalau hainipigii makofi.

Mdogo wangu, presha yangu haikushushwa na bustani. Kila mwezi naenda kliniki, tena ile ya mbali, nisionwe na watu wa hapa. Kila asubuhi nameza kidonge, na chai ya mchaichai ndiyo ninayoshushia. Kwa hiyo chai niliyokuandikia katika barua za nyuma ni ya kweli. Kidonge nilikiacha nje ya barua hizo kwa kuwa hakikuwa na sifa ya kunipa. Wifi yako anajua yote. Juzi aliniambia kwamba sifa zangu zikikufikisha kaburini, nisije nikadhani nitapanda mnanaa juu yake. Hakuwa anatania, na tangu siku hiyo hataki hata kunionjea chumvi kwenye mboga.

Majani si adui. Kotimiri kwenye mchuzi, tangawizi koo likikwaruza, hayo nayasimamia popote. Njoo, ua wote ni wako. Lakini njoo na dawa zako, na hapa tutameza pamoja, mezani, mbele ya watu.

Barua hii inaletwa na dereva wa lori la saruji. Nimemwomba asiondoke mlangoni pako mpaka akuone umemeza. Ni mkaidi kama nyumbu na amenikubalia, kwa hiyo usihangaike kumfukuza, mpe kiti. Kesho asubuhi binti akupeleke wakupime. Mimi nitakuwa nazunguka humu uani mpaka dereva arudi aniambie alichokiona.

Wasalimie wanao wote na jirani zako wanaonikumbuka. Wifi yako anakukumbatia.

Ni mimi kaka yako, ambaye wanao humwita Mjomba Dawa. Waambie waache.