Mama Anabofya Asichokiona

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana kuna mlio haunitoki masikioni, tik, tik, tik ya kitufe alichokuwa akibofya mama katika chumba cha giza cha kliniki ya macho. Mama ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi anameza vidonge vya baridi yabisi vinavyoifanya mikono yake ikunjuke, ila vidonge hivyohivyo vikitumika muda mrefu vinaweza kuila retina, huko nyuma ya jicho, ndiyo maana kila mwaka anapimwa: anatazama katikati ya mashine na kubofya kila akiona kinukta cha mwanga. Nilikaa nyuma yake nikasikia mlio umenyooka kama cherehani, haukuruka hata mara moja, nikajua haoni, anafuata mdundo wa mashine tu, kwa sababu nyumbani mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano, na akisoma gazeti anasema herufi za katikati zimeliwa na panya. Daktari akasema majibu mazuri, aendelee na dawa. Njiani nilimuuliza, akacheka kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, macho yakienda nitapapasa. Mikono ikigoma, nitapapasa na nini?" Basi nimevificha vidonge, nikamwambia vimeadimika, na sasa vidole vyake vimevimba, kila asubuhi namfunga vifungo vya gauni, naye ananishukuru. Nifanye nini?

Binti wa Fundi

Pole, Binti wa Fundi. Sasa nisikilize. Mama yako kamdanganya daktari, wewe umemdanganya mama, na ugonjwa unawacheka wote wawili. Najua ni mapenzi, lakini mapenzi hayaandiki dawa. Yeye alichagua akijua anachokichagua. Wewe umemchagulia naye hajui. Mwambie ukweli leo. Akilia, akikusema, nyamaza upokee. Kisha mwende kliniki pamoja, na vidonge mkononi, upesi, maana retina ikishaliwa hairudi. Semeni habari ya mdundo bila kuona haya. Kipo kipimo cha kuipiga picha retina, hicho hakina kitufe cha kubofya. Dawa kuachwa, kupunguzwa au kubadilishwa ni kazi ya daktari, na dawa za viungo si za aina moja tu. Mama hajaambiwa kwa kuwa hajauliza.

Sikungoja gazeti hili litoke na jibu langu. Namba uliyoniachia nimeipiga, akapokea mama, wewe ulikuwa umetoka. Ulichofanya sikukitaja. Nimemwambia tu binti yake ana neno zito na anaogopa kulisema. Amesema anakungoja.