Mstari wa Njano Niliokuwa Nikiufunga Kila Asubuhi

Chumba cha karani, mlango wa nyuma,
Alhamisi, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha wamepona kikohozi? Goti lako nalo linasemaje? Usiniambie bado unapanda ngazi za ghorofa nne ukijifanya kijana. Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Ila tangu juzi roho iko mkononi, kwa hiyo niwie radhi kwa mwandiko.

Kwanza nikupe habari niliyokuficha. Kitindamimba wetu alimkimbia mumewe wiki tatu zilizopita, akaja kwangu, kwenye nyumba hii ninayofanya kazi. Alikuja na mtoto, mfuko mmoja, na jicho moja limevimba. Aliniapisha nisikuambie, maana anakujua. Ungepanda basi siku hiyohiyo kwenda kumkunja shemeji yako shati, na baadaye yeye ndiye angelipa. Basi nikanyamaza. Hapa, kama ujuavyo, tunawahifadhi wanawake waliokimbia makwao, na nje tumetundika kibao cha darasa la ushonaji ili watu wasiulize maswali.

Sasa nije kwenye kompyuta, na tafadhali usinicheke. Ile uliyotuwekea mfumo wa Linux kabla hujasafiri ilichoka, ikawa inazimika yenyewe katikati ya kazi. Tukapewa nyingine, nayo ina Linux, ila haina kivinjari. Intaneti siku hiyo ilikuwa inajikokota, nami nikajitia ufundi. Nikachukua folda nzima ya kivinjari kwenye ile ya zamani, nikainakili kwenye flashi, nikaimwaga kwenye mpya, kama mtu anayehamisha sukari kutoka kopo hadi kopo.

Kikakataa kufunguka. Nikakumbuka ulivyonifundisha, nikakiita kupitia lile dirisha jeusi ili nione kinalalamikia nini. Kikanijibu kwa Kiingereza kirefu kwamba msaidizi wa sandbox amepatikana lakini hakuwekwa sawasawa, na heri kisifunguke kabisa kuliko kufunguka bila yeye. Nilisoma mara tatu, sikuambulia kitu. Mlangoni kulikuwa na mama mwenye fomu ya mahakama iliyotakiwa kutumwa kabla ya saa sita mchana, amesimama ananitazama kana kwamba mimi ndiye hakimu. Nikatafuta kwenye simu, nikakuta mtu anashauri: ongeza --no-sandbox mwishoni mwa amri, kitafunguka. Nikaongeza. Kikafunguka! Fomu ikaenda, nami nikajiona fundi wa mafundi. Neno hilo nikaliweka moja kwa moja kwenye alama ya kivinjari ili nisihangaike tena.

Tangu hapo, kila nikikifungua, juu kulikuwa na mstari wa njano unaosema usalama utapungua. Kila asubuhi niliufunga kwa ile alama ya X huku nikinywa chai. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huu mimi niliukanyaga siku kumi na tisa mfululizo.

Juzi Jumanne ikaja barua pepe kwenye anwani yangu. Ilikuwa na jina la shule, nembo, kila kitu. Wanaomba tuthibitishe uhamisho wa mwanafunzi, bonyeza hapa. Nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka mweupe mtupu, feni ya kompyuta ikanguruma, kisha kivinjari kikajifunga chenyewe. Nilidhani ni umeme. Nikairudia barua yenyewe, na hapo ndipo damu iliponiganda. Jina la mtoto wa Kitindamimba lilikuwa sawa, na mbele yake wameongeza "Bibi Mdogo". Ni shule gani hiyo inayojua kwamba sisi nyumbani mtoto yule tunamwita Bibi Mdogo? Na kazi ya shemeji yako unaijua. Kutwa yuko kibandani kwake anafungua simu zilizofungwa, ziwe za wateja au za wasiojua kuwa ni wateja.

Niliuchomoa waya wa intaneti kwa nguvu mpaka kichwa chake kikabaki ukutani.

Nikamwita fundi wa duka la uchapaji hapo ng'ambo ya barabara. Alicheka kwanza, akaacha kucheka nilipomwambia mle ndani tunaweka nini. Alinieleza kwamba kila ukurasa unaoufungua hukaa kwenye chumba chake kilichofungwa, ndiyo hiyo sandbox, ili wenye nia mbaya uishie humohumo. Anayefunga vyumba hivyo ni lile faili la msaidizi, na lazima liwe mali ya root, yaani yule mwenye mamlaka yote kwenye kompyuta. Nilipolipitisha kwenye flashi likampoteza mwenyewe, likawa mali yangu mimi karani, kivinjari kikagoma. Na kilikuwa na haki ya kugoma. Fundi akaandika amri mbili, moja ya kulirudisha kwa root, ya pili ya kulipa ruhusa zake, 4755. Akalifuta lile neno langu. Kikafunguka bila mstari wa njano. Dakika moja, mdogo wangu. Haikufika hata mbili.

Nikamwuliza kama kuna kilichotoka.

"Dada, mlango nimeshaufunga," akasema. "Nani aliingia ulipokuwa wazi, hapo siwezi kukuapia. Huenda hakuna. Lakini kivinjari chenyewe cha zamani, na sandbox umeizima. Aliyeingia angeweza kusoma chochote unachosoma wewe."

Ninachosoma mimi ni daftari zima la nyumba hii. Majina, anwani, nani analala chumba gani, na namba ya simu ya hapa ambayo hatumpi mtu wa nje.

Jana saa nne asubuhi simu hiyo ililia. Nikapokea. Mtu alipumua tu, akakaa kidogo, akakata. Huenda alikosea namba. Nimejiambia hivyo mara mia. Lakini tangu hapo nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje, nakwenda kuhakikisha komeo la mlango.

Niliikalia siri hiyo kuanzia Jumanne mpaka jana, nikiogopa kufukuzwa kazi. Aibu hiyo ni yangu, siitafutii mwenzangu. Baada ya ile simu nikaenda kwa mama msimamizi nikamwaga yote. Hakupiga kelele. Aliagiza wale wanawake wengine wanne wahamishwe kabla ya jua kuzama, akasema habari ya kazi yangu tutaizungumza baadaye. Ningeona afadhali kama angenitukana.

Kitindamimba nilimkuta anafua. Nilitaka anilaumu, mdogo wangu, nilitaka hata anirushie yale maji ya sabuni. Aliendelea kukamua gauni la mtoto wakati hata tone halitoki tena, akaniuliza, "Dada Mkubwa, imeandikwa humo nalala chumba gani?" Nikamjibu ndiyo. Akafuta mikono, akaenda kumvalisha mtoto viatu. Na jana wamelala navyo miguuni, wote wawili.

Hakupanda gari la wale wengine. Anayetafutwa ni yeye, na popote angekwenda nao angewapelekea hatari. Nikawa nawaza ni wapi ambapo sijawahi kupaandika kwenye mashine yoyote. Nimepata mahali pamoja tu, kwako. Ulipohama mwezi uliopita ulinisomea anwani yako kwa simu, nikaiandika nyuma ya kalenda ya jikoni. Leo asubuhi nimeichana karatasi ile, nikamkaririsha mpaka akaishika, kisha nikaichoma.

Msalimie sana wifi yangu, aniwie radhi kwa kumletea ugeni bila taarifa. Mapacha waambie shangazi anawabusu, na wampishe mwenzao kitandani. Mungu awafunike nyote, naye anisamehe nililolifanya.

Barua hii haikupita posta. Aliyekukabidhi ni Kitindamimba mwenyewe, na hatakueleza lolote, ndiyo maana nimeandika. Nakujua, umeichana bahasha hapohapo mlangoni na unasoma umesimama, nao wamesimama. Acha kusoma. Waingize ndani, ufunge mlango.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Dada Mkubwa