Chumba cha Nyuma Kimepata Mwenyewe

Nyumbani kwetu,
Jumapili jioni.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu zangu na za Mama. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Na mwanao Bonge, ile homa imemwacha au bado inamsumbua? Sisi huku tuko salama. Mama goti linamuuma asubuhi, likishapata joto anatembea. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za roho utazipata humu humu, kwa hiyo kaa kitako kwanza.

Unaukumbuka ua wetu? Majani yalikuwa yamefika dirishani, na kile chumba cha nyuma kilikuwa hakiingiliki: magodoro yaliyooza, friji iliyokufa tangu Baba yupo, baiskeli isiyo na magurudumu, makopo ya rangi iliyoganda. Tangu nianze kushona nguo za watu namwomba Mama tukisafishe niweke cherehani yangu. Nashonea sebuleni, na kila mtu akibisha hodi nakusanya vitambaa mbio mbio kama mwizi. Lakini nikigusa kitu tu, Mama anasema, "Hicho kina kazi."

Mwezi huu nikasema basi. Nikamtafuta mzoa taka wa mtaani kwetu, mwenye mkokoteni, tunamwita Kwisha kwa kuwa kila akimaliza kupakia hutamka neno hilo moja. Nikamlipa mwenyewe, kwa pesa za cherehani. Alikuja na mwenzake, panga, reki na magunia. Walifyeka ua mzima, wakachimbua chupa na vipande vya mabati vilivyozama kwenye udongo, wakazoa mpaka matawi ya mwaka juzi. Kwa kazi yao sina la kulalamika.

Aliyenishangaza ni Mama. Alitoka na kiti chake, akakaa mlangoni mwa chumba cha nyuma na kuanza kutoa amri. Friji? "Ondoa." Magodoro? "Ondoa mwanangu, yananuka." Meza yangu ya shule nayo ikapita mbele yangu, miguu juu. Mimi niliyemsihi miaka yote nimesimama pembeni na ufagio, sijui nicheke au nilie.

Mara jirani akachungulia, akausifu ua. Mama akamjibu, "Ni binti yangu wa mbali huyo. Kasema mama yake hawezi kukaa porini, kaniletea watu."

Dada, wewe ulichofanya ni kuuliza kwenye simu kama majani yamekua. Basi. Kwisha alinitazama, maana anajua nani aliyempa pesa, nami nikamtazama, akashika mkokoteni wake akaondoka.

Najua utasema nina kijiba cha roho. Ninacho, tena kikubwa. Mimi ndiye ninayemkanda goti, mimi ndiye ninayejua dawa ipi anaificha chini ya ulimi ili aiteme nikigeuka. Lakini Mama akipiga chafya, anayemtaja ni wewe.

Hata hivyo nilijipoza, nikasema moyoni sifa achukue yeye, chumba nichukue mimi. Juzi nikatoka kupeleka nguo za mteja. Kurudi, nakuta kitanda chako cha zamani, ambacho kumbe Kwisha alikatazwa kukigusa, kimeoshwa na kuwekwa chini ya dirisha, pale pale nilipopanga kuweka cherehani. Na pazia limetundikwa. Kitambaa cha pazia ni changu, nilikuwa nimekikata tayari kwa gauni la mtu.

Nikamuuliza Mama, hiki nini. "Chumba cha dada yako. Akija asilale sebuleni."

"Anakuja lini?"

"Atakuja."

Sasa kila asubuhi, na goti lile, anakifagia mwenyewe. Ufagio hataki kunipa.

Sikuandikii nikutukane, Dada. Nataka jambo moja tu. Kama unakuja, sema unakuja lini, nitaendelea kushonea sebuleni bila kununa na lile pazia nitalipinda vizuri. Kama huji, mpigie Mama umwambie kwa mdomo wako. Nikimwambia mimi atasema ni wivu, na hatakuwa amekosea, kisha atainuka aende kufagia tena.

Msalimie sana shemeji, na umbusu Bonge mashavu yote mawili. Shangazi naye, mkienda kwake, mwambie gauni lake liko tayari. Mungu awalinde na awaondolee kila homa. Mama amepita hapa sasa hivi, ameuliza namwandikia nani, nami nimemwambia. Anasema nikuandikie kwamba chumba kiko tayari. Nimekuandikia.

Ni mimi nikupendaye hata nikinuna,
Mdogo wako.