Mkoba Usiojipanga Wenyewe

Mayu, mama yangu,

Chumvi iko mahali pake, rafu ya chini, mkono wa kushoto ukiingia. Najua ungeniuliza hilo kabla hata ya salamu, ndiyo maana nimeanza nalo. Nakuandikia kwa sababu nina mvutano na watu wa Dar es Salaam, na katika ukoo wetu mzima ni wewe tu ambaye ungenisikiliza mpaka mwisho bila kuniambia niolewe kwanza.

Ule mchezo wa simu ninaoutengeneza unaukumbuka. Mtu anaingia msituni na mkoba wenye nafasi chache: dawa, sumu ya mishale, kamba, kiberiti, asali. Msitu unabadilika kila unapoingia, na ukifa umekufa kweli. Ulichobeba kinapotea chote na unaanza upya. Nilipokueleza hilo ulicheka, ukasema, "Ukifa unaanza tena? Basi huko wanakaa watu wenye bahati." Halafu ukataka kucheza. Tulikuwa tunapukuchua mahindi pale Kasokola, mimi nakusomea yaliyoko kwenye kioo, wewe unabonyeza. Kiboko akakuua. "Kiboko gani huyo hapigi hata hodi?" ulilalamika, ukarudi msituni palepale. Safari hiyo ulipojeruhiwa, kidole chako kilikwenda chenyewe kwenye chupa ya dawa, juu kushoto, kabla sijafungua mdomo.

Siri yako nilikuwa naijua tayari. Ila kwa miaka mingi sikuijua, nikadhani ni ukali tu. Mtu akihamisha kopo, akiegemeza jembe ukuta mwingine, nyumba nzima ilisikia. "Kila kitu kina kwao," ulikuwa unasema. "Nyie watoto mnahamisha vitu kama mnahamia." Tulipokuja kukutembelea ulitutambua kwa hatua, ukatutania tungali uani: "Nani huyo anatembea kama anaidai ardhi?" Tukaona ni utani wa mama, basi.

Mpaka Kaka alipooa, na Wifi, kwa moyo wake mwema wa bibi harusi, akaamka mapema akalipanga jiko lako upya. Makopo makubwa nyuma, madogo mbele, limependeza kama duka. Mchana tukala mlenda wa sukari. Kaka alionja tena, akasema, "Mayu, leo mboga imekuwa chai." Ulicheka kuliko sisi sote. Wifi alipotoka kuosha vyombo ukanishika mkono. "Sioni, mwanangu. Muda sasa. Nilishakwenda kwa daktari, ni presha ya macho, akasema nimechelewa." Nilikuuliza kwa nini hukutuambia. "Mngeniondolea jiko," ukajibu.

Ulikuwa na haki, tungekuondolea. Jioni ile uliongea na Wifi mwenyewe, ukamwambia chumbani kwake apange anavyotaka, lakini jikoni mkono wako ndio unaoona. Akalia, akakusaidia kurudisha kila kopo.

Kwa hiyo nilipoutengeneza ule mkoba sikuwaza mara mbili. Kila kitu kikapewa kwao. Dawa ikiisha, nafasi yake inabaki wazi hadi upate dawa nyingine, na kilicho jirani hakisogei. Sasa kampuni moja ya Dar imeupenda mchezo na inataka kuutoa. Dada anayeongea nami ni mpole na kazi anaijua. Alinipigia nikiwa steshenari, natoa kopi za watu, akasema limebaki jambo moja tu. "Mkoba ujipange wenyewe, mdogo wangu. Kitu kikiisha, vingine visogee vijaze. Zile nafasi tupu mtu akiziona atadhani mchezo umeharibika." Hoja yake haikuwa ya kijinga, Mayu. Michezo mingi inafanya hivyo. Na mimi nimeutamani mlango huu tangu nilipoanza kujifunza kompyuta, nikaogopa kuufunga kwa ukaidi niliourithi kwako. Nikatengeneza toleo wanalolitaka.

Nilimpa Side ajaribu. Side ni dereva wa bajaji, kijiwe chake kiko karibu na steshenari, na mchezo wangu anaucheza kuliko mtu yeyote hapa Mpanda. Anacheza jicho moja likiwa barabarani asije akapitwa na abiria, kwa hiyo kioo hakitazami sana, anaachia kidole gumba kifanye kazi. Sikumwambia nimebadilisha nini. Nilisimama pembeni ya bajaji yake nikamwangalia akifika mbali, mbali kuliko siku zote. Fisi akamng'ata, akanywa dawa. Akang'atwa tena, kidole kikarudi palepale, naye akafa hapohapo.

"We dada, umeniua," alisema. "Nimebonyeza dawa."

"Dawa ilikuwa imeisha. Sumu imesogea ikakaa pale. Umekunywa sumu."

Aliitazama ile simu kama mtu aliyegeukwa na rafiki. "Sasa si ungepaacha patupu? Patupu ningejua."

Abiria alitokea, Side akawasha bajaji akaondoka, akaniacha nimesimama na simu yangu.

Jumapili nilikwenda Kasokola. Wifi alikuwa shambani, nikaingia jikoni niwashe moto, nikapeleka mkono kwenye rafu kuchukua kiberiti bila kutazama, kama ulivyotufundisha. Nilikosea kidogo. Mkono ulikwenda pale lilipokuwa linakaa kopo lako la ugoro, ukagusa ubao. Hakuna kitu. Tangu tukuzike Wifi hajaweka chochote hapo, na jiko lile ni dogo, nafasi anaihitaji. Nimeshasema mara nyingi kwamba umekufa, nimewaambia watu, nimepokea pole zao. Lakini ni pale, Mayu, mkono ukiwa kwenye ubao, ndipo nilipojua. Nililia mpaka Wifi akarudi na jembe begani. Alinisogezea kigoda, akawasha moto yeye.

Nimewaandikia Dar asubuhi hii. Nimesema mkoba haujipangi. Ile hofu ya yule dada nimeitibu kwa njia nyingine: kitu kikiisha, mahali pake panabaki kivuli chake, mchoro hafifu, mtu aone kuwa mchezo ni mzima na kwamba hapa palikuwa na dawa. Kivuli nitakikoza au nitakififisha wanavyopenda, na rangi wachague wao. Kusogeza, hapana. Nimeandika hivyo kwa adabu, nikaisoma barua tena, nikaituma kabla sijaanza kujishauri.

Wanaweza kukataa, na wakikataa itaniuma, sikudanganyi. Lakini mchezo nitautoa mwenyewe, simu kwa simu, kijiwe kwa kijiwe, na Side ameshaniambia yeye wa kwanza. Sitamnywesha mtu sumu ili mkoba upendeze.

Hivyo ndivyo nilivyo, na ni wewe uliyenifanya hivi. Mchezo ukinishinda nitaanza tena, nimezoea, nimekufa kwenye msitu ule kuliko mtu yeyote. Wewe huanzi tena. Nafasi yako nimemwomba Wifi asiijaze, akasema hakuwa na mpango huo, kila asubuhi na yeye mkono wake unapita pale.

Lala salama, Mayu. Hakuna aliyehamisha kitu.

Mimi kitindamimba wako,
wa Misunkumilo, hapa Mpanda