Mgongo wa Riziki

Jumatatu, 4 Machi
Mizani ya watoto imegoma tena, tumeazima ya kituo jirani. Foleni mpaka saa nane. Miguu inawaka.

Wa mwisho alikuwa Riziki, miaka sita, malaria. Mama yake alishafariki. Amebebwa na baba, fundi wa mota za mitumbwi bandarini. Nimempenda kwa hilo, akina baba hawaji. Mgongoni mtoto ana mistari ya makovu. Baba akasema kabla sijauliza: "Tulimuchanja kwa nganga, Mama, juu ya degedege." Wiki haipiti bila mtoto aliyechanjwa na mganga. Nikaandika kwenye daftari la wagonjwa: makovu ya kuchanjwa.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua. Kuhara, kuhara, foleni nzima. Sina la kuandika.

Jumatano, 20 Machi
Riziki tena. Mkono umevunjika. Baba anasema ameteleza chooni. Shangazi aliyekuja nyuma yake anasema ameanguka kitandani.

Nimemvua gauni ili nifunge mkono. Makovu yameongezeka. Mengine meusi, ya zamani. Mengine mekundu, bado yana maji. Mganga huchanja vijimstari vifupi, viwili viwili, kwenye viungo, mara moja basi. Mistari hii ni mirefu, inapinda mwishoni na kurudi, kama alama ya waya uliokunjwa wa kuchapia. Mimi mwenyewe nilichanjwa utotoni, nina chale kifuani. Nazijua! Niliandika neno la baba kwa sababu nilitaka kumaliza foleni. Najichukia.

Nimewaomba wangoje nje. Sikumlazimisha mtoto aseme. Nimechora mgongo wake kwenye karatasi, nikapima kila alama kwa rula. Maneno ya baba na ya shangazi nimeyaandika kama walivyoyasema, kila mtu na lake. Nimemlaza kituoni. Nimewaambia ni kwa ajili ya mkono. Kisha nimepiga simu polisi ya watoto.

Alhamisi, 21 Machi
Polisi wamekuja. Baba naye, hana wasiwasi hata kidogo. Kasema makovu ni ya mganga, hata muuguzi aliandika. Wakafungua daftari. Mwandiko wangu.

Mchoro wa jana wanasema hautoshi, unapingana na daftari, na vyote viwili nimeandika mimi. Wanarudi kesho. Nisiponyoosha mambo, Riziki anarudi nyumbani na baba yake.

Papa Kasongo, mkuu wa kituo, kaniita pembeni. "Mama Zawadi, acha vile. Ukisema ulikosea, ni wewe njo watakufwata." Si mtu mbaya. Amechoka kama mimi. Nimekasirika hata hivyo, na sijui nimemkasirikia nani.

Ijumaa, 22 Machi
Sikufuta. Kufuta kungekuwa uongo wa pili. Chini ya mistari yangu ya zamani nimeandika: Tarehe 4 niliandika maneno ya baba kana kwamba nimeyaona mwenyewe. Nilikosea. Kisha niliyoyaona, alama moja moja: urefu, rangi, mahali. Sahihi. Jina langu lote.

Papa Kasongo amesoma polepole, akavua miwani, akagonga muhuri. Sikutegemea.

Polisi wamerudi, wakasoma, baba kapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Riziki kaondoka na mama yake mkubwa, dada wa marehemu mama yake, kwenda kwake Kabimba. Hakuaga, na sikutaka aage.

Jumatano, 27 Machi
Barua kutoka zoni ya afya, ofisi inayosimamia vituo vyetu. Natakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini daftari lina maelezo mawili. Naogopa. Nimeosha nguo zote za nyumba ili nisifikiri.

Alhamisi, 28 Machi
Nimejibu. Ukurasa mmoja. Sikujitetea.

Jumanne, 14 Mei
Kesi bado. Zoni hawajanijibu.

Asubuhi Riziki ameletwa na mama yake mkubwa, walikuja mjini kwa mtumbwi. Mkono umeunga vizuri. Amenenepa kidogo. Nilikuwa bado natafuta kalamu. Nilipoinua macho alikuwa ameshanigeuzia mgongo, gauni amelipandisha mpaka mabegani, amesimama anangoja.

"Hapana, Mama, anakohola tu," mama mkubwa kasema, kwa aibu.

Nimelishusha gauni. Nimemfunga vifungo alivyovifungua, vilikuwa vinne. Nimemkalisha uso kwa uso nami, nikamsikiliza kifua.

Ni kikohozi. Nimempa dawa.