Nani Anaziba Maji ya Baba

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili asubuhi, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Je, kile kikohozi kimekuachia, au bado kinakuamsha? Shemeji na wanangu hawajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi unalalamika kuliko cherehani isiyotiwa mafuta. Hilo ni la kazi, lisikutie wasiwasi.

Najua unangoja habari za ule mtambo wa kuchujia maji uliomletea Baba. Uliniambia nichunguze, nami nimechunguza. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia simu mtu yeyote.

Ulipofungwa tu, jagi la lita mbili lilikuwa linajaa kabla sijamaliza kuosha vikombe vitatu. Mwezi uliopita niliweka jagi hilohilo chini ya koki, nikaenda kumpigia Baba pasi shati. Nikamaliza kola, nikamaliza mikono yote miwili, kurudi jikoni jagi halijafika nusu. Maji yanatoka kama uzi. Na wewe unajua daktari alivyosema, kwamba kwa figo zile za Baba asiguse kabisa maji ya bomba yenye chumvi.

Nikamwuliza yule mke wa Baba.

"Labda presha ya bomba imeshuka," akasema, huku anafuta meza ambayo haikuwa na kitu juu yake.

Hakunitazama. Nikalitia akilini. Tangu siku aliyoingia nyumba ile, mimi na wewe tumekuwa tukijiuliza mwanamke wa umri wetu anafuata nini kwa mzee mstaafu.

Wiki ileile jirani muuza mayai akaninong'oneza kwamba humwona kila asubuhi akitoka na madumu mawili ya maji, anayapeleka kwa dada yake anayefua nguo za watu. Hapo nikajumlisha mwenyewe. Maji ya Baba yanafulia mashuka ya watu baki. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na usiku huo nikakupigia simu. Yale tuliyosema sina haja ya kuyarudia.

Nikamleta fundi. Nilisimama nyuma yake muda wote kama askari, maana mafundi nao ni haohao, anaweza kuondoka na kifaa kizima akakuachia kibovu. Akabadilisha machujio matatu ya mbele, la kwanza likiwa limegeuka rangi ya chai. Akapima upepo wa lile tangi dogo la mtambo linalohifadhi maji yaliyochujwa, akaujaza kwa pampu ya baiskeli, akaniambia kwamba upepo ukipungua tangi haliwezi kusukuma maji. Jagi likaanza kujaa vizuri. Siku ya tano yakawa yaleyale.

Sasa nikamshuku na fundi. Nikamwita tena, nikamwambia afungue kila kitu mbele ya macho yangu. Akatoa chujio la ndani kabisa, lile analoliita membreni. Lilikuwa limeganda chumvi kama sufuria iliyochemshiwa maji miaka kumi.

"Dada yangu," akasema, "mtambo huu una mpira mwembamba wa kutoa maji ya chumvi. Hayo lazima yamwagike. Yasipotoka, chumvi yote inabaki humu ndani."

"Mpira umeziba?"

Akaushika, akanionyesha mikunjo, mahali palipobanwa na kubanwa tena. "Haukuziba wenyewe. Kuna mtu anaufunga."

Kuna mtu. Nyumba ile ina watu wawili, na mmoja wao ni Baba.

Jumatano nikafunga kibanda changu cha kushonea mapema, nikaenda na futi yangu, nikasema nimekuja kupima mapazia ya jikoni. Mke wa Baba akanitazama, kisha akatazama dirisha ambalo halijawahi kuwa na pazia. Ilipokaribia saa kumi akatoka uani kuanua nguo. Nikajibanza nyuma ya mlango wa stoo. Nilikuwa na hakika atarudi kwa kunyata, na nilishayapanga maneno ya kumwambia.

Nikasikia viatu. Aliyeingia ni Baba.

Alikuwa amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, kama mtu aliye kazini. Akapiga magoti polepole mbele ya kabati la sinki, uliko mtambo, akatoa mfukoni kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli, akaufunga ule mpira mwembamba, akakaza fundo kwa meno.

Nikatoka. "Baba, unafanya nini?"

Akageuka. "Wewe binti, kengele imeshalia. Mbona bado uko hapa?"

Nilicheka, Dada. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka.

"Mnaacha koki wazi, maji yanamwagika, kesho mnakuja kulia hakuna maji. Haya, nenda nyumbani. Mama yako anakungoja."

Mama yetu, ambaye huu ni mwaka wa tisa tangu tumzike.

Unakumbuka Baba alipokuwa mhudumu wa shule, alivyokuwa akizunguka saa kumi kufunga koki zote tukimngoja getini. Miaka thelathini na mmoja. Bado anazunguka.

Mke wake akaingia na nguo mikononi. Alituona, akaelewa. Alimwambia Baba kwanza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umemaliza kufunga?"

"Bado ile ya nje."

"Twende tukaifunge."

Wakatoka wameshikana mikono. Aliporudi peke yake aliinama, akakifungua kile kipande cha mpira, akakitia kwenye kopo lililoko nyuma ya sabuni. Vilikuwemo vingine vingi.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu mvua zilizopita. Vingine naviwahi, vingine sivioni mpaka kesho yake."

"Na yale madumu?"

"Ni hayohayo maji ya chumvi. Akiyaona yanamwagika hatulii, basi nayakinga, dada yangu anafulia."

"Kwa nini hukutuambia?"

Alikuwa anakunja suruali ya Baba. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Mngesema nimempa kitu. Halafu mngemchukua."

Hayo ndiyo hasa tuliyoyasema mimi na wewe kwenye simu.

Nilimwomba radhi palepale. Alisema yameisha. Sidhani kama yameisha, na simlaumu.

Fundi ameweka membreni mpya, na ule mpira ameupitisha ukutani mpaka kwenye pipa lenye mfuniko huko nje, usionekane wala usisikike. Naye pia nilimwomba radhi, akasema amezoea. Jagi linajaa. Ijumaa tulimpeleka Baba kwa daktari, mimi na mkewe, ambaye sasa namwita Mama Mdogo, mmoja kila upande. Daktari amesema kumbukumbu zinazoondoka hazitarudi, ila zinaondoka taratibu. Asubuhi nyingine anaamka mzima kabisa, anauliza habari zako na kovu la goti lako.

Kwa hiyo, Dada, nakuomba mambo mawili. Piga simu, na akipokea Mama Mdogo, usimwambie akupe Baba. Ongea naye yeye kwanza. La pili, likizo uliyosema utaichukua mwakani, ichukue mwaka huu.

Nisalimie Shemeji na wanangu wote, mkubwa umwambie sketi yake iko tayari. Muuza mayai anakusalimu, ingawa mimi naye hatuongei sana siku hizi. Mama Mdogo anakusalimu. Baba naye anakusalimu. Jana aliniuliza uko darasa la ngapi. Nikamwambia la saba. Akasema ukitoka usipite njia ya bondeni, uje moja kwa moja nyumbani.

Mungu akulinde huko, na akufungulie njia ya kuja.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokutia hofu,

Mchokonozi.